Subira na Masanduku ya Kantini

Duka la Subira lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, huko Kasongo, kando ya njia ya kwenda sokoni. Kila asubuhi alifungua mlango, akafagia, akapanga vitu vyake: chumvi, viberiti, mafuta ya mawese, uzi na sindano. Barazani, mume wake Bulaimu aliweka cherehani yake. Bulaimu alikuwa fundi wa nguo. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Hemedi, kwa hiyo majirani waliwaita mama Hemedi na baba Hemedi.

Watu walikuja kwa Bulaimu kushonewa suruali na makanzu. Lakini dukani hawakuingia. Walipita tu, wakamsalimia Subira, wakaenda kununua mbele.

Hii ilikuwa mwaka wa 1955, na sababu yake Subira aliijua vizuri.

Mwaka uliotangulia, Bulaimu alikwenda Nyangwe, kwenye soko la mtoni. Huko alikutana na mchuuzi aliyekuwa na masanduku mawili ya sahani za enameli, zile sahani za bati zenye rangi ngumu inayong'aa. Mchuuzi alifungua sanduku moja, akatoa sahani ya juu. Ilikuwa nzuri sana. Mgongoni ilikuwa na chapa ya Korongo, ndege mwenye shingo ndefu, na kila mtu alijua kwamba Korongo ni kitu cha nguvu.

"Masanduku yote iko namna hii," mchuuzi alisema. "Lakini haraka, mutumbwi wangu unaondoka."

Bulaimu alilipa. Alipofika nyumbani alikuta sahani za juu tu ndizo zilizokuwa za Korongo. Za chini zilikuwa na ndege mwingine, mfupi, mwenye shingo nene. Subira aliona tofauti, lakini pesa zilikwisha kwenda. Wakaziuza hivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja rangi ilianza kubanduka. Watu walikuta vipande vya rangi ndani ya wali.

Tangu siku ile duka lilipoteza jina lake.

Siku moja ya soko, mama mmoja kutoka Lusangi alisimama mlangoni. Alikuwa na kikapu cha karanga kichwani. Aliangalia sahani tatu zilizobaki, akauliza, "Hizi ndizo zile za kubanduka?"

Subira alisikia uso wake unapata moto. Hakutaka kusema uongo. "Ndiyo, mama. Ndizo zile."

"Basi asante," mama alisema, akaenda zake.

Subira alichukua sahani zile tatu, akazipeleka nyuma ya nyumba, akawawekea kuku maji.

Jioni ile jirani yao Placide alikuja kuchukua suruali yake. Placide alikuwa magazinia huko Kindu kwa miaka kumi na mitano. Yaani alitunza ghala la vitu katika nyumba kubwa ya biashara. Alipokea masanduku, akayafungua, akaandika kilichomo. Sasa alikuwa amerudi Kasongo kulima mpunga pamoja na mke wake Ernestine.

"Mama Hemedi, duka iko na hali gani?" Placide aliuliza.

"Duka iko na mulango tu, baba Placide. Watu haiko."

Placide alicheka kidogo, kisha akaketi. "Sikiliza. Nimepata habari. Kule kwenye kambi ya dhahabu, karibu na Salamabila, kantini ya kampuni, lile duka la wafanyakazi, inauza vitu vilivyozidi. Mabeseni, kandili, vikombe. Vitu vya chapa nzuri, na kwa bei ya chini. Lakini hawauzi kimoja kimoja. Mutu anachukua fungu zima."

Bulaimu alisimamisha cherehani. "Mimi sitaki tena," alisema. "Niliapa. Mambo ya masanduku yalinitosha."

"Baba Hemedi," Placide alijibu, "masanduku hayakukukosea. Wewe uliangalia sahani moja, ukanunua mia."

Bulaimu aliinamia cherehani yake. Subira akavuta kigoda karibu. "Baba Placide, mutu anajuaje kama vitu ni vizuri?"

"Anza na swali moja. Uliza, kwa nini wanauza? Mimi nimeuliza. Kazi imehamishwa, na familia nyingi za kambi zimefuata kazi. Kantini ilikuwa imeagiza vitu vya watu wengi, sasa watu ni wachache. Hiyo ni sababu nzuri. Kama wangeuza kwa sababu vitu vimeoza, ningekuambia ukae nyumbani."

"Na nikifika kule?"

"Ukifika, usipende chapa kabla ya kuona kitu. Chapa inakuambia nani alikitengeneza. Haikuambii kama kilinyeshewa mvua, au kama kilianguka kutoka kwenye kamio. Fungua kila sanduku. Toa kitu cha chini kabisa, si cha juu. Beseni, mimina maji ndani. Kandili, angalia kioo na utambi, halafu ujiulize: kioo hiki kikivunjika, Kasongo kinapatikana?"

"Wakikataa tusifungue?"

"Mutarudi nyumbani na pesa zenu. Hiyo si aibu." Placide aliinua kidole. "Na moja bado. Usitoke pale bila karatasi. Masanduku ya kampuni iko na alama ya kampuni. Mupolisi akiyaona njiani bila karatasi, atasema mumeiba."

"Utakwenda na sisi?" Bulaimu aliuliza.

"Mpunga wangu umeiva, ndugu yangu. Ndege hawanisubiri. Lakini mama Hemedi amesikia kila neno. Namwona."

Ni kweli, Subira alikuwa amesikia kila neno. Lakini hakukimbilia kamio, yaani lori la kwenda kambini. Siku mbili zilizofuata alizunguka. Alikwenda kisimani, akakaa na wanawake walioosha mihogo. Alikwenda sokoni kwa wauza mchele.

"Dada zangu, nyumbani kwenu munakosa nini?"

"Beseni," walijibu karibu wote. "Langu limetoboka."

"Mimi ninaosha mchele ndani ya sufuria ya kupikia."

"Na kandili?"

"Kandili iko. Kioo ndicho kilichovunjika, na kioo cha kuuza haiko."

Subira alirudi nyumbani na jibu lake. Kisha akafungua sanduku lake la nguo, akatoa bangili mbili za fedha alizopewa na mama yake. Pesa walizokuwa nazo hazikutosha. Alimpa Bulaimu bangili ili aziuze.

Bulaimu alizipima mkononi. "Hizi zikipotea, mama Hemedi, mimi nitamwangalia mama yako namna gani?"

"Hazipotei," Subira alisema. "Safari hii tutaangalia chini."

Waliondoka alfajiri, juu ya kamio iliyobeba chumvi na samaki wakavu. Njia ilikuwa ya mawe na vumbi jekundu. Walipita Kabambare, wakaingia kwenye vilima. Walilala kwa shangazi yake Bulaimu, na asubuhi wakafika kambini.

Kantini ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, yenye paa la mabati. Karani wake aliitwa André. Alikuwa kijana mwenye kaptura nyeupe na kalamu sikioni. Ndani kulikuwa na mafungu mawili: masanduku manane ya mabeseni na masanduku matano ya kandili. Kila sanduku lilikuwa na picha ya korongo mwenye shingo ndefu.

Hawakuwa peke yao. Atumani, mfanyabiashara mkubwa wa Kabambare, alikuwa amekwisha kufika. Alivaa kofia ya kiulaya na viatu vilivyong'aa. Aligonga sanduku moja kwa kidole.

"Korongo!" alisema. "Hapa hakuna kuuliza. Karani, mimi nachukua kandili zote. Na mabeseni pia, kama hawa wanaogopa."

Subira alimgeukia mume wake. Bulaimu alimnong'oneza, "Mama Hemedi, tulipe haraka, atachukua yote."

Kwa dakika moja Subira naye alitaka kulipa. Alikumbuka jinsi mchuuzi wa Nyangwe alivyosema haraka, haraka. Akamgeukia karani.

"Ndugu karani," alisema, "tunataka mabeseni. Lakini tunaomba kufungua masanduku kwanza."

André aliinua macho. "Mama, hivi ni vitu vya kampuni. Vinauzwa kama vilivyo. Ukinunua, hakuna kurudisha."

"Ndiyo sababu nataka kuona. Kama ningeweza kurudisha, ningeangalia nyumbani."

Atumani alicheka kwa sauti. "Mwanamuke anataka kufungua masanduku manane!"

"Yote manane," Subira alijibu. "Kama haikubaliki, tutarudi Kasongo. Hatuna hasira."

André alikuna kichwa. Alimwangalia Bulaimu, kama mtu anayetafuta msaada. Bulaimu akaketi juu ya gunia, akasema, "Mimi ni fundi wa nguo. Mambo haya muulize yeye."

Karani akaleta nyundo.

Masanduku matano ya kwanza yalikuwa mazuri. Subira alitoa mabeseni ya juu, ya katikati na ya chini. Aliyageuza, akapitisha kidole ukingoni, akamimina maji. Hakuna hata tone lililotoka. Shingo ya korongo ilikuwa ndefu kila mahali.

Sanduku la sita, mabeseni ya juu yaling'aa kama mengine. Subira aliingiza mkono mpaka chini. Nyasi za kufungia zilikuwa na unyevu. Alitoa beseni la mwisho, akaligeuza. Ukingo wake ulikuwa umebanduka, na kutu ilikuwa imeanza kula bati. La saba lilikuwa hivyo hivyo, na la nane pia.

André alichukua beseni mkononi. Uso wake ulibadilika. "Sikujua, mama. Kweli sikujua." Aliangalia juu. Katika paa, palepale juu ya masanduku yale matatu, mwanga wa jua ulipita katika tundu dogo. "Mvua," alisema polepole.

Wakayatenga mabeseni pamoja, karani na Subira. Yote yalikuwa tisini na sita. Sitini na tano yalikuwa mazima. Thelathini na moja yalikuwa na dosari, lakini hayakutoboka.

"Mazima nayalipia bei mliyosema," Subira alisema. "Yenye dosari, nitalipa nusu. Yanaweza bado kubeba udongo au kulowesha mihogo, lakini siwezi kuyauza kama mapya."

André alikwenda ofisini kwa mkubwa wake Mzungu. Alikaa huko kwa muda. Bulaimu alifuta jasho mara tatu. Aliporudi, André alikuwa anatabasamu.

"Amekubali. Ameniuliza pia nani aliyagundua mabeseni yaliyonyeshewa."

"Sasa tunaomba karatasi," Subira alisema. "Uandike idadi ya mazima na idadi ya yenye dosari. Na mahali tuliponunua."

"Unajua kusoma, mama?"

"Polepole. Lakini ninafika mwisho."

Alisoma karatasi neno kwa neno, kidole chake kikitembea chini ya maandishi. Alipofika kwenye "mabeseni mazima", aliona sitini na sita. "Hapa umeandika sita. Ni tano."

"Ungeacha tu, tungepata beseni moja la bure," Bulaimu alimwambia kwa sauti ndogo.

"Hapana," alijibu. "Karatasi ikisema sitini na sita na sisi tuko na sitini na tano, mupolisi atauliza moja liko wapi."

André alisahihisha, akapiga muhuri.

Wakati huo kandili za Atumani zilikuwa zinapakiwa juu ya kamio ya kurudi Kasongo, ile ile ya mabeseni yao. Subira aliona moja mkononi mwa mpakiaji. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya buluu, lakini kioo chake kilikuwa kipana chini na chembamba juu. Hakuwahi kuona kioo cha namna ile Kasongo.

"Baba Atumani," aliita kwa heshima, "vioo vya kandili hizi utavipata wapi vikivunjika?"

"Kandili za Korongo hazivunjiki," Atumani alisema, akapanda mbele kwa dereva. Karatasi yake hakuisubiri. Alisema atamtuma mtu kuichukua.

Mchana ule, kabla ya Kabambare, mti ulikuwa umelazwa njiani. Polisi wawili walisimama pale. Mmoja alipanda juu ya kamio, akaona alama ya kampuni kwenye masanduku.

"Vitu vya kampuni! Vya nani?"

Subira alitoa karatasi kutoka kwenye pindo la nguo yake. Polisi alisoma, akahesabu masanduku, akafungua moja. Kisha akamrudishia karatasi. "Sawa, mama. Na zile kandili?"

Atumani alishuka. Alieleza, akapandisha sauti, akavua kofia. Haikusaidia. Kandili zake zilishushwa kando ya njia, na yeye pamoja nazo, mpaka mtu arudi kambini kuleta karatasi. Siku mbili zilipita kabla hajaipata. Siku ile, kamio ilipoondoka bila yeye, Subira alimpungia mkono. Hakumcheka. Alijua kwamba bila Placide, naye angekuwa ameketi pale.

Nyumbani walipanga mabeseni. Mazima waliyaweka mbele. Bulaimu alichukua moja lenye dosari, akaligeuzageuza.

"Mama Hemedi, nina wazo. Nitatafuta rangi nyeupe kidogo, nifunike hapa pa kutu. Hakuna mutu ataona. Tunauza bei moja."

Subira aliweka chini beseni alilokuwa nalo. "Sahani za mwaka jana, kuna mutu aliona siku ya kwanza?"

Bulaimu alilirudisha beseni kwenye fungu.

"Mwezi mmoja tu, wakaona wote. Safari hii tutawaonyesha sisi wenyewe."

Alipanga yenye dosari peke yake, mahali pa nuru, dosari ikitazama njia. Kisha akahesabu: bei ya kantini, nauli ya kamio, chakula cha njiani. Akaongeza faida ya kiasi. Bei ya beseni zima ilikuwa bado chini ya ile ya duka kubwa. Bei ya yenye dosari haikufika nusu yake. Akaandika bei zote mbili kwa chokaa juu ya ubao, kwa herufi kubwa, ili kila mtu asome bila kuuliza.

Akafanya pia jambo jingine, ambalo Bulaimu hakulitaka mwanzoni. Alituma habari sokoni: kila aliyenunua sahani ya kubanduka mwaka jana ailete. Atapunguziwa bei ya beseni.

"Tutapoteza," Bulaimu alilalamika.

"Tulikwisha kupoteza," Subira alisema. "Sasa tunanunua jina letu."

Siku ya soko mama wa Lusangi alisimama tena mlangoni. Safari hii alikuwa na sahani mbovu kwapani. Aliiweka mezani. Akachukua beseni zima, akaligeuza, akaligonga, akasikiliza mlio wake.

"Naweza kumimina maji?"

"Maji haya hapa, mama."

Alimimina, akangoja, akaangalia chini yake. Kisha akaelekeza kidole kwenye fungu la pili. "Na yale?"

"Yale mvua iliyapiga. Angalia, kutu iko hapa na hapa. Ni ya kulowesha mihogo, si ya kuweka chakula."

Mama yule alifungua fundo la pesa. Akanunua moja zima na mawili yenye dosari. Alipotoka aliwaita wenzake waliokuwa wanapita njiani, kwa Kizimba, lugha ya kwao, kwa sauti kubwa. Subira hakusikia maneno yote. Lakini aliona vikapu vinne vinashuka kutoka vichwani.

Kabla ya mwezi kwisha, mabeseni yote yalikuwa yamekwenda. Yenye dosari ndiyo yaliyotangulia kwisha. Na watu waliokuja kwa mabeseni waliondoka pia na chumvi, viberiti na uzi. Bulaimu alinunua tena bangili mbili za fedha. Hazikuwa zile za kwanza, lakini zilimtosha Subira mkononi, na alizivaa dukani kila siku. Placide alipelekewa beseni zuri kuliko yote. Ernestine, mke wake, alilijaza mchele mpya, akalirudisha likiwa limejaa.

Kiangazi kilipokaribia, dereva wa kamio alileta barua. Ilitoka kwa karani André. Subira aliisoma mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni. Kantini ilikuwa na mablangeti yaliyozidi, mazuri, ya chapa inayojulikana. Mkubwa wake alikuwa amesema kwamba yule mama wa Kasongo apewe habari kabla ya wengine.

Bulaimu alisimama haraka. "Mablangeti! Na baridi ya usiku wa kiangazi inakuja. Tuondoke kesho!"

Subira alikunja barua, akaitia mfukoni. Akachukua kikapu chake.

"Kesho kutwa," alisema. "Leo ninakwenda sokoni kuuliza watu wanalala na nini."

Alirudi jioni na jibu zuri. Usiku ule Bulaimu alifunga mzigo mdogo wa safari. Ndani aliweka mkate, chupa ya maji, na nyundo.